Muzee Mwenye Anatoshaka Magarantie

Mwizi? Rudilia ile neno mbele yangu, uone kama utamaliza kuisema.

Apana, ikala kwanza. We ulikutana na ule muzee mara mbili tu. Alikulomba makuta ya bus, akakuonyesha nyumba yenye aina choo, na leo unasimama ku barabara unaita muntu mukubwa mwizi, bantu bote banasikia. Mi nilikala pembeni yake myaka saba. Kati ya meza yangu na kiti yake, unanyoosha mukono moya, umefika. Kama iko muntu mwenye anaweza kumutukana ule muzee, ni mi. Na bado sijamutukana. Nitakuambia juu ya nini, kisha utafanya ile unataka.

Mi natengenezaka matelefone mu Katuba, ku fasi mabus inasimamaka. Akuna mwenye alinifundisha. Ya kwanza niliifungua na kisu ya jikoni, ikakufa. Ya pili ikakufa. Ya tatu ikalia. Yee iko commissionnaire: unatafuta nyumba ya kupanga, anakutafutia, unamulipa mwezi moya juu ya miguu yake, njo kazi. Lakini bacommissionnaire beko mingi sawa nzi ku soko ya samaki. Bantu banakuyaka kwake na mabus mbili juu ya kintu ingine. Iko yee peke mwenye anajua kutosha garantie mu mukono ya bailleur, mwenye nyumba.

Garantie unaijua. Mbele ya kuweka ata kijiko mu nyumba ya muntu, unamupa mwenye lupango, mwenye kiwanja, makuta ya myezi tatu, sita, ingine ata kumi, na karatasi inasema siku utatoka atakurudishia yote. Karatasi inasema! Niambie basi, mu Lubumbashi muzima, unajua babailleur wangapi benye balirudisha bila vita? Moya anasema ulichafula ukuta. Mwingine anasema mulango ililia. Mwingine anafunga telefone.

Sisi pia tulifika pale, mi na mama yangu. Tulikuwa tunapanga mu Naviundu, karibu na mutoni, na ukuta ya nyuma ilianza kufunguka. Mama analala pembeni yake. Makuta ya kutoka mule yote ilikuwa ku bailleur, myezi sita, na bila ile akuna nyumba ingine. Na mvula ilikuwa karibu. Weka ile mu kichwa, ibakie pale. Sasa nikuonyeshe muntu mwenyewe.

Jina yake siiseme. Fasi alizaliwa siijue, na yee anachukiaka muntu mwenye anaulizaka mambo ya vile. Katuba yote inamuita Muzee Commissionnaire, inatosha.

Shemisi yake iko nyeupe, vifungo bimefungwa mpaka ku shingo, ata mu mwezi ya kumi wakati jua inataka kuua bantu. Viatu binangaa. Chini bimetoboka, anaweka karatasi ya kartoni, na karatasi ikilowa anakuya ku meza yangu kulomba kartoni ya matelefone. Chini ya mukono, farde moya ya bleu ya kuwekea makaratasi, anaifunga na mupira ya baiskeli. Mu ile farde muko Lubumbashi yote: nani anaikala wapi, aliingia siku gani, alitoka na makuta ao alitoka na machozi. Aifunguake mbele ya muntu. Mi mwenyewe, myaka saba, niliona tu karatasi ya juu.

Na iko na ile mambo ya kugonga. Kila nyumba, mbele ya kuingia, anagongaka ukuta na mufupa ya kidole. Chini, katikati, juu. Anainamisha kichwa sawa monganga mwenye anasikia kifua ya mutoto. Kisha anafanya "Mm." Ni ile tu. Nyumba mupya, "Mm." Nyumba yenye inataka kulala chini, "Mm" ileile. Siku moya nikachoka.

"Muzee, unasikiaka nini mule?"

"Nasikia myaka ya nyumba."

"Na kama myaka yake imeisha?"

Akanitazama murefu. "Technicienne," njo vile ananiitaka, fundi mwanamuke, "kazi yangu ni kufungua mulango. Ya ukuta, uliza mwenye alijenga."

Nilicheka. Nilikuwa mujinga, nilicheka.

Kusoma, ni yee alinifundisha, ata kama anakatalaka asema nilijifundisha mwenyewe. Masomo niliachaka mu primaire, baba alikufa, makuta ikaisha. Lakini muzee alikuwaka na kibao yake, anaiegemezaka ku muguu ya meza yangu, anaandikaka na chaki: nyumba, vyumba mbili, salon, mayi karibu. Herufi yake iko muzuri sawa ya mwalimu. Kila asubui ananiambia, "Soma, Technicienne." Nasoma. Nikikosa, anafuta, anaandika tena, bila kunicheka. Kisha alianza kuniletea mikataba ya zamani, yenye bantu balishatoka, nasoma mpaka nikajua kila mutego yenye babailleur banawekaka chini kabisa, na herufi kidogo.

Nikamuambia siku ingine: "Lakini muzee, apa uliandika 'mayi karibu'. Ile nyumba aina robinet ya bomba. Mayi yenye iko karibu ni ya mutoni."

"Na mutoni iko mbali?"

"Apana, iko nyuma ya nyumba."

"Basi?" Akapangusa chaki ku suruali. "Mi siandikake bongo, ata uongo moya. Naandikaka kidogo."

Ile neno alikuwa anaipenda. Mi pia niliipenda. Muntu akikuya kununua telefone ku meza yangu, na mi najua betri iko mbovu, nilianza kuandika kidogo.

Unataka kujua ginsi anatoshaka garantie? Apigake muntu. Aendake kushitaki. Anaenda tu ku bailleur asubui, anasalimia, anatosha viatu ku mulango, anaikala. Banamuletea chai, anakatala. Banamuletea chakula, bukari na sombe, anakatala. Anaulizia bagonjwa ya mu jamaa, mashemeji, mambo ya kanisa. Mangaribi anaenda. Kesho yake, tena. Bailleur moya alimuachilia mbwa. Muzee alibakia pa kiti, mbwa ikamunusa, ikalala ku miguu yake. Ku siku ya tatu bibi ya bailleur alianza kulia: "Papa, mupe huyu muntu ile anatafuta, nyumba yangu inakuwa sawa nyumba ya kilio!" Na kweli, muzee iko na ile namna ya kuikala, mabega chini, mikono juu ya magoti. Ni ginsi bantu banaikalaka pembeni ya maiti.

Mara ingine, nilienda naye mwenyewe, nikaona na macho. Mutoto mwanamuke mwenye alikuwa anajifunza kazi ya infirmière, ya kutunza bagonjwa, bailleur alimukatalia garantie yake asema alichafula rangi ya ukuta. Muzee alinunua chokaa, akakamata ndoo na brosi, akaingia mu lupango, akaanza kupaka ukuta ya inje, pole pole, na kuimba. Anaimba nini? Nyimbo ya matanga! Bajirani banatoka, bamama banaweka mukono ku kichwa, "Nani alikufa? Ni nani?" Bailleur anatoka na singleti.

"Muzee, unafanya nini?"

"Natengeneza ule ukuta yenye mutoto aliharibu."

"Acha kuimba basi!"

"Bila kuimba mukono yangu aiendake."

Saa sita mbele ifike, mutoto alikuwa na makuta yake yote. Tulicheka mpaka Katuba. Yee akucheka. Alilala ndani ya bus, mudomo wazi, akaonekana muzee kabisa, nikaweka farde yake pa magoti yangu juu isianguke.

Sasa unaelewa kwa nini nilimupendaka? Na siyo ile tu. Siku moya kijana mwenye nilitengenezea telefone alirudia na bayaya yake batatu, bandugu bakubwa, asema niliiba écran yake, ile kioo ya mbele. Muzee akusimama ata. Alisema tu, "Mwana, we unaikala avenue fulani, nyumba ya mulango ya kijani, baba yako bado na deni ya myezi ine. Nimuite?" Balienda bila kugeuka. Na wakati mama mukubwa yangu alikufa, muzee alikuya ku kilio siku tatu, alibeba mabenchi ku kichwa, na shemisi yake nyeupe. Muntu wa vile, utamuita mwizi mbele yangu?

Lakini kilio, njo fasi bantu banaanziaka kunongona.

Juu muzee iko ku kila kilio. Unaenda kulia muntu, yee amekwisha kufika, iko wa kwanza, ameikala karibu ya bafiwa, na analia kweli, machozi inapita ku shingo mpaka ku ile kifungo. Bamama ya Katuba banasema: fasi ule muzee anaingizaka bantu, kifo inafuata nyuma. Mi nilipiganaka juu ya ile neno. Nilimwangia mama moya kikopo ya munkoyo mu uso, waziwazi. Uchawi gani? Muntu iko na manyumba makumi na makumi mu farde, na bantu banakufaka, si ni vile?

Kisha kukakuwa ile nyumba ya nyuzi ya courant.

Annexe moya mu Katuba, nyumba kidogo nyuma ya ingine, vyumba mbili. Courant, umeme, ilikuwa inapita ndani ya ukuta vibaya. Ukigusa ukuta wakati ya mvula, unasikia kama mududu anatembea mu mukono. Muzee aliingiza mule baba moya mushonaji, na mashini yake ya kushona. Mvula ilinyesha siku mbili, na ule mushonaji alikufa mikono ku ukuta. Muzee alienda ku kilio, alilia, alitosha makuta yake mwenyewe kusaidia sanduku ya maiti. Alienda tena ku bailleur, akaikala siku tatu, akamutoshea mujane garantie yote, ata franc moya aikukosa. Ule mujane mpaka leo anamubariki.

Na nyuma ya wiki tatu, niliona kibao ku muguu ya meza yangu: annexe, vyumba mbili, courant iko.

"Muzee. Ni ile?"

"Bailleur alitengeneza."

"Uliona?"

"Aliniambia."

"Mi nakuuliza kama uliona!"

Alitazama bus moya ikajaa, ikaenda. Kisha alisema, na sauti ya chini, sawa muntu anafundisha mutoto kufunga kamba: "Technicienne, unafikiri mujane alipata wapi ile garantie? Bailleur aikalake na makuta mu sanduku anakungojea. Anakulaka siku ileile unamupa. Analipa masomo ya batoto, ananunua mabati. Ukitaka ya kwako itoke, lazima muntu mwingine aingie na ya kwake. Ni vile tu. Mi naletaka ule muntu."

Mi nilifanya nini? Nilikamata tournevis yangu ya kufungulia matelefone, nikarudia ku kazi. Sema vile utasema.

Na kintu ingine yenye aieleweke: yee mwenyewe anapanga. Muntu mwenye anajua manyumba yote ya mugini, aina ata matofali moya yake. Anaikala mu kachumba nyuma ya lupango ya bantu, kila nyuma ya myaka fulani anahama. Nilifikaka mule mara moya kumuletea dawa. Ku ukuta akuna picha, akuna kalendari, akuna misumari. Bintu byote mu mifuko mbili, mifuko imefungwa, karibu ya mulango. Kitanda iko katikati ya chumba, ukuta ine iko mbali naye. Nikamuuliza juu ya nini asiisukume ku pembeni apate fasi. Alikunywa dawa yake.

Sasa, sisi.

Nyumba ya Naviundu ilitufaa mwaka ya kwanza. Mwaka ya pili mayi ya mutoni ilipanda, ikaingia chini ya ukuta ya nyuma, ikakula bulongo, udongo ya chini. Mvula ikaisha, ukuta ikakauka, ikafunguka. Mwanzo ni kamba tu, sawa unywele. Mu mwezi ya saba, kidole inaingia. Mu mwezi ya tisa, mama alikuwa anaona taa ya jirani ndani ya chumba yake. Alijaza na karatasi na udongo, ikafunguka tena pembeni. Butuku, bantu bakilala, inatoa muchanga, tsss, tsss, na mama anaita, "Umesikia?" Nasema, "Panya." Alijua siyo panya.

Tulienda ku bailleur. Muntu wa kucheka-cheka, tumbo mbele. "Mama, garantie yako iko! Nani anasema aiko? Lakini ngoja locataire mupya, muntu wa kupanga. Akileta ya kwake, nakupa ya kwako." Nilitukana. Mama alinivuta na kitambaa. Yee alizidi kucheka: "Na uyu mutoto wako, mudomo yake njo itavunja nyumba, siyo mayi."

Nikaenda ku muzee. Nilifikiri ataenda kuikala siku tatu. Apana. Alikuya Naviundu, aligonga ukuta. Chini. Katikati. Mbele ya kufika juu, aliacha. Mara ya kwanza mu maisha yangu, akufanya "Mm." Alirudisha mukono mu mufuko, pole, sawa muntu mwenye aligusa mutoto mwenye analala.

"Mama," alisema, "mutoke mbele ya mvula ya kwanza. Mi nitaleta muntu wa kuingia mbele ya Jumamosi, siku ya posho."

Mama alielewa mbele yangu. Alisema, "Muzee, mu iyi nyumba?"

"Mu iyi nyumba."

"Iko na batoto?"

"Mama. Unataka kutoka ao utaki?"

Mama yangu ni muntu wa sala, aliingia jikoni, akaanza kutwanga kintu, sijue nini, akuna kintu ilikuwa mu kinu.

Butuku yake muzee alinipigia telefone, akanipa kazi, moya moya. Kabati itoke ku salon, iende ku ukuta ya nyuma. Mama apike samaki yenye inanukia, juu ya arufu ya bulongo ya kulowa. Nifagie muchanga. "Na bakikuuliza, usiseme bongo. Unanisikia? Ata neno moya ya bongo. Sema kidogo." Nilisukuma ile kabati mi mwenyewe, na hii mikono. Nilitosha jasho. Nilifurahi ginsi ilifunika yote, mpaka ku mabati.

Alikuya mama moya, Mama Gloire, mutoto ku mugongo, batoto ingine mbili bameshika kitambaa yake. Bwana yake anatumika ku mine ya shaba kule ku Kinsevere, anarudiaka ku nyumba mara moya mu wiki mbili. Mama muzuri, anacheka mbio. Alipenda jikoni. Alipenda samaki. Alizunguka, kisha akanikamata mukono, pembeni, wanamuke kwa wanamuke:

"Yaya, niambie kweli. Wakati ya mvula, mayi inaingiaka?"

Muzee alikuwa ku mulango, anatazama inje. Mama alikuwa anageuza samaki yenye ilishaiva.

Nikasema: "Mama, sisi tumeikala apa myaka mbili. Njo mi uyu, uniangalie. Niko."

Alicheka. "Kweli, na unanenepa!"

Siku ya posho, tulikuwa bote ku lupango ya bailleur. Bwana ya Mama Gloire alihesabu makuta juu ya meza. Bailleur alihesabu tena. Alikata yake kidogo, na ile ingine, manoti ileile, kwa mukono ileile, akamupa mama yangu. Aikuikala mu mukono yake ata dakika. Mama Gloire alikuwa anaona, akaambia mama, "Asante kwa kutuachia nyumba." Mama yangu akajibu kintu. Mi sikusikia, juu nilishatoka inje.

Tulihamia Katuba mbele ya mvula. Mama analala. Na muzee akukuya tena ku kiti yake. Siku moya, mbili, wiki. Kibao ilibakia ku muguu ya meza yangu, bila maandiko. Bantu banaulizia, nasema anagonjwa. Sikujua. Nilimupigia, anaitika, anasema, "Niko fasi moya, Technicienne," anakata.

Mvula ilianza. Siku ya ine ya mvula, mama alisema asubui, bila kunitazama: "Bale batoto." Sikunywa chai. Nilienda Naviundu.

Nilimukuta kule. Ameikala mu lupango yetu ya zamani, pa kiti ya Mama Gloire, viatu bimejaa matope, shemisi imefungwa mpaka ku shingo. Alikonda. Ni Mama Gloire alimuita: kabati yake mwenyewe ilikuwa inaegemea mbele, ukuta iliisukuma, na batoto batatu balikuwa banalala ku jikoni na majivu. Alitaka kutoka. Bailleur alimuambia ile alituambia sisi. Basi muzee alikuwa anatumika juu yake, sawa alitumika juu yetu. Na ndani ya nyumba mulikuwa bageni: kijana moya na bibi yake, mimba kubwa, yee anatembea pole, anagusa kila kintu na kufurahi.

Mama Gloire aliniona. Akukasirika. Alinikamata vidole, akanikamua, akanilomba na macho. Ginsi ile sitaisahau.

Na ule bibi ya mimba akatoka, akaniuliza: "Yaya, banasema ulikalaka apa. Iko muzuri?"

Muzee akunitazama. Alikuwa anafunga mupira ya farde yake.

We unanijua. Kinywa yangu aina mulango. Nilipiga makelele sawa kichaa: "Toka! Mayi inaingia, ukuta imekufa, mukiikala apa itabaangukia! Beba bibi yako, toka!" Kijana alimuvuta bibi, balienda mbio mu matope, bibi anashika tumbo. Abakugeuka.

Mvula ilikuwa inapiga ku mabati.

Mama Gloire alisema pole, "Asante, yaya. Sasa we utaniletea nani?"

Nikamuambia akuye kwetu, yee na batoto, leo, sasa, tutajikunja. Alikatala. Akiacha nyumba bila muntu, bailleur atasema alikimbia, na garantie imekufa. Bwana yake alikopa ile makuta ku kazi.

Muzee alisimama. Nilingoja anitukane, ningemutukana pia, ningefurahi. Alisema tu: "Siku ya mama yako ulisema kidogo. Siku ya uyu mama umesema mingi." Na akaenda, pole pole, kartoni ya viatu inatoka nyuma yake vipande vipande. Najua alienda kutafuta muntu mwingine. Juu ya Mama Gloire, na bure, juu mwezi moya ya kazi yake Mama Gloire alishamulipa.

Jana nilienda ku bailleur yetu mupya, nikamulomba atuachilie garantie yetu, nimupelekee Mama Gloire. Alinitazama sawa natoka usingizi. "Leta kwanza muntu wa kuingia."

Na leo mvula aijaacha tangu asubui, telefone ya Mama Gloire inalia bure, na we unaniambia mambo ya mwizi. Ulisikia yote. Basi sema: nani alibafungia mule, Mama Gloire na batoto?